Siku ya Mwisho ya Safari ya Mto Athi: Vuka Kibwezi, Urudi kwa Kitui

Wengi wanaoshuka na mto Athi hadi Kibwezi huimaliza safari kwa kosa nililolifanya mimi mara ya kwanza. Asubuhi ya siku ya mwisho wanabeba mizigo, wanasimama kando ya barabara ya Mombasa, wanapanda basi la kwanza la Nairobi na kusinzia hadi Mlolongo. Siku imekwenda, na mto walioufuata kwa siku tatu nne hawajauvuka hata mara moja. Ushauri wangu ni huu: usirudi ulikotoka. Vuka mto, pita Ikutha na Mutomo, ufike Kitui mchana, kisha urudi Nairobi kwa barabara ya Garissa na Thika. Utazunguka kidogo, lakini jioni utakuwa umeelewa watu wa Makueni na Kitui wanaishi kwa maji gani, jambo ambalo ukingo mmoja wa Athi hauwezi kukuonyesha.

Tuelewane kwanza kuhusu safari yenyewe. Huko Ulaya watu hushuka mto Rhine kwa meli wiki nzima, na siku ya mwisho huteremka Amsterdam wakatembea kando ya mifereji. Athi hauna meli wala mashua ya abiria, na usimwamini mtu atakayekuambia anaweza kukuvusha kwa mtumbwi ili ujifurahishe. Una mamba, una viboko, na una mawe yanayojificha chini ya maji ya rangi ya udongo. Safari ya mto huu ni ya miguu, boda boda na matatu. Unaufuata kutoka juu, kuanzia maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, unateremka nao ukiegemea uwanda wa Yatta, unapita Thwake, hadi Kibwezi. Kuanzia hapo mto unaendelea peke yake kuingia Tsavo, unakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kwa urefu, Kenya nzima unatanguliwa na Tana tu. Katika sehemu hii ya kati ndio mpaka: ng'ambo hii Makueni, ng'ambo ile Kitui.

Kama ulipita Thwake siku zilizotangulia, uliona palipochimbwa bwawa kubwa pale mto Thwake unapoingia Athi. Ujenzi ulianza mwaka 2018, na ukuta wake umepangwa kuzidi mita 80 kwenda juu. Kama hukupita, usijaribu kuurudia siku ya mwisho. Ni mbali, na eneo la ujenzi haliingiwi bila ruhusa.

Usiku wa kuamkia

Lala Kibwezi. Ukikuta vyumba vimejaa, au mfukoni mmekauka, rudi nyuma hadi Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli. Humo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bila malipo, na kuna vyumba vya wageni. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe, na chukua chakula unachoweza kukimaliza. Acha sadaka kadiri ya uwezo wako.

Lala ndani ya chandarua. Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo chao cha kwanza hapa Kibwezi, na kufikia 1898 walikuwa wamekihamishia Kikuyu kwa sababu ya homa. Malaria bado ipo, na mbu wa kando ya mto hawajui kwamba umebakiza usiku mmoja tu.

Jambo la kufanya kabla ya kulala ni kupanga maji. Beba lita tatu kwa kila mtu, zaidi kama ni Januari na Februari au kuanzia Agosti hadi Oktoba, miezi ambayo jua la huku halina huruma. Beba pesa taslimu za noti ndogo, kwa kuwa M-Pesa iko kila mahali lakini mtandao hauko kila mahali. Beba viatu unavyoweza kuvivua upesi. Utaelewa baadaye kwa nini. Kama una gari lako, jaza mafuta Kibwezi. Kama huna, uliza jioni ile ile matatu za Mutomo na Kitui zinasimama wapi na ya kwanza inaondoka saa ngapi, kwa maana asubuhi kila mpiga debe atakuambia gari lake ndilo linalotangulia.

Darajani

Ondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Siku hizi ni lami, na inapita katika nchi ya mibuyu minene na mashamba ya mkonge. Mkonge wa Kibwezi ni wa tangu enzi za ukoloni. Uangalie vizuri unapopita, maana utaukuta tena Kitui ukiwa umesukwa.

Ukifika kwenye daraja la Athi, mwombe dereva akushushe ng'ambo ya pili, au egesha gari mbali kidogo na daraja. Simama juu. Usishuke ukingoni asubuhi hiyo, hata kama unaona njia ya ng'ombe. Viboko hutoka malishoni alfajiri kurudi majini, na anayesimama kati ya kiboko na maji yake hapewi onyo. Mamba naye haonekani mpaka awe amekwisha kukuona wewe.

Tazama maji kwa dakika kumi bila kupiga picha. Utaona rangi ya chai ya maziwa, na wakati mwingine povu lililonata kwenye mawe. Sehemu ya maji hayo imetoka Nairobi. Mto Nairobi na vijito vyake huingia Athi vikiwa vimebeba maji machafu ya mitaa na viwanda, na watu wa huku chini wamelalamika kwa miaka mingi. Ndiyo maana nakuambia usiyanywe, hata ukiyachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini sumu ya kiwandani haiondoki kwa moto. Wakati huohuo utaona pampu ndogo zikivuta maji yayo hayo kwenda kwenye nyanya na matikiti. Mkulima wa hapa hana mto mwingine unaotiririka mwaka mzima. Usimtazame kana kwamba kosa ni lake.

Ukishavuka, barabara inapanda. Huo mgongo ulio mbele yako ni uwanda wa Yatta, na hapa naomba usimame mara ya pili hata kama dereva ananung'unika. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, hapa palikuwa na bonde la mto. Volkano ikamwaga uji wa moto, ukalifuata bonde lile kama maji yanavyofuata mkondo, ukaganda kuwa mwamba mgumu. Udongo laini wa kandokando ukaliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, mwamba ukakataa kuliwa, na kilichokuwa bonde kikabaki juu kuwa mlima. Mgongo huo unakwenda karibu kilomita 300, kutoka pande za Ol Donyo Sabuk hadi ndani ya Tsavo, na ni miongoni mwa mikondo mirefu kabisa ya lava duniani. Kwa hiyo unapoupanda unapanda mto wa kale uliogeuka jiwe, na Athi wa leo unapita chini yake kama mdogo mtu.

Mito ya mchanga

Kuanzia Ikutha kwenda Mutomo utaanza kuona madaraja makubwa yaliyojengwa juu ya mchanga mtupu. Mgeni huuliza serikali ilikuwa inafikiria nini kujenga daraja mahali pasipo na maji. Maji yapo. Hii ndiyo sehemu ya siku ambayo sitaki uiharakishe, na kama saa zitakubana, punguza kitu kingine chochote kabla ya kupunguza hiki.

Mito mingi ya Kitui hutiririka siku chache tu kwa mwaka. Mvua ikinyesha vilimani, mto hushuka kwa kishindo ukibeba mchanga, baada ya saa kadhaa unapita, na jua linarudi. Lakini kati ya chembe moja ya mchanga na nyingine kuna nafasi, na nafasi hizo zikijumlishwa zinafika robo ya mchanga wote au zaidi. Humo maji hujificha. Jua linakausha shubiri chache za juu, kisha linashindwa. Ng'ombe hawezi kuyachafua, mbu hawezi kutagia humo, na mchanga wenyewe unayachuja. Watu wa huku wamelijua hilo tangu kale. Huchimba kwenye kitanda cha mto, maji huchipuka taratibu, nao huchota.

Kutoka hapo likazaliwa bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukatiza mto, ukiwa umekaa juu ya mwamba ili maji yasipite chini. Mafuriko ya kwanza yanaleta mchanga. Mchanga kwa kuwa ni mzito unatua nyuma ya ukuta, matope mepesi yanarukia ng'ambo na kwenda zake. Baada ya misimu michache ya mvua nyuma ya ukuta pamejaa mchanga hadi ukingoni, na mchanga umejaa maji. Bomba au kisima cha pampu ya mkono kinayatoa. Teknolojia hii imeenea Ukambani kuliko karibu popote duniani, na Kitui peke yake ina mamia ya kuta hizo, nyingi zikiwa zimejengwa kuanzia miaka ya 1990 na wanakijiji wakisaidiwa na shirika la SASOL. Nguvu ya kazi ilitoka kwenye mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kukusanyika kufanya kazi ya mmoja au ya wote: leo kwako, kesho kwangu. Wageni wametoka nchi za mbali kuja kujifunza. Inasikitisha kwamba Mnairobi anapita juu ya maarifa haya amelala garini.

Sasa, namna ya kuyaona. Chagua mto wowote wenye watu na punda. Usiende moja kwa moja kwenye shimo. Simama mbali kidogo, salimu, ngoja ukaribishwe. Ukimkuta mama mtu mzima mwite mwaitu, yaani mama. Akiwa ajuza mwite susu, kama wajukuu wake wanavyomwita bibi. Mara yangu ya pili kupita huku nilimkuta mmoja ameketi kando ya shimo lenye kina cha kiuno, na kata mkononi. Nikamsalimu, nikasogea. Akanitazama miguuni, akasema, "Vua hivyo viatu, mwana wakwa. Hapa ni jikoni." Nikavua. Akachota kata tatu akazimwaga kwenye bakuli la plastiki pembeni. Nikadhani anasafisha shimo. "Haya ya kwanza ni ya mbuzi," akasema, "ya watu yanakuja." Tukasubiri pamoja. Maji yalirudi polepole kutoka ubavuni mwa shimo, safari hii meupe, naye akaanza kuujaza mtungi wa lita 20, kata baada ya kata, bila kumwaga tone. Kuujaza kulichukua karibu nusu saa. Alikuwa na mitungi minne.

Kwa hiyo shika adabu hizi. Vua viatu ukikaribia shimo. Usichote mwenyewe. Shimo lililozungushiwa miiba ni la watu, lililo wazi ni la mifugo, usiyachanganye. Usipige picha ya mtu anayechota kabla hujaomba, na usipige kabisa ukiona wanawake wanaoga au wanafua chini ya mto. Ukipewa maji ya kuonja, pokea kwa mikono miwili. Ukitaka kutoa shukrani, saidia kubeba mtungi kuuweka juu ya punda, kisha sema "ni muvea". Neno hilo la asante litakufungulia milango mingi kuliko noti.

Ukiona lori linapakia mchanga mtoni, elewa unachokitazama. Majengo ya miji yanahitaji mchanga, na mto ukiisha mchanga umepoteza ghala lake la maji. Kinachobaki ni mwamba na shimo la jua. Watu wamegombana, wameumizana na hata kuuana kwa ajili ya mchanga katika nchi hii. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na kuna mito ambayo kina mama huilinda wenyewe. Usipige picha malori hayo. Si kazi ya mtalii, na inaweza kukuletea matata ambayo siku ya mwisho haina muda nayo.

Mto ukishuka

Ningependa kuliruka jambo hili, lakini siwezi. Misimu ya mvua huku ni miwili, na mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima. Hizo ndizo pia zinazoua wasafiri. Barabara nyingi za ndani hazina daraja la juu. Zina kivuko cha zege kilicho sawa na sakafu ya mto, ambacho madereva hukiita drifti. Mto mkavu unaweza kushuka ghafla huku juu yako mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha kilomita nyingi huko juu.

Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu karibu na Mwingi, hapa hapa katika kaunti ya Kitui. Mto ulikuwa umefurika juu ya kivuko. Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili wakitazama. Basi lilikwenda hatua chache, likalala upande, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Kanuni ni moja, na haina msamaha: maji yakifunika kivuko, hata kama unaona yamefika kifundo cha mguu tu, usivuke kwa gari wala kwa miguu. Kama dereva anataka kujaribu, shuka. Shuka hata kama abiria wengine wanakucheka, hata kama utapoteza nauli. Mto wa mchanga haukai. Ngoja saa tatu, nne, na mara nyingi utapita pakavu. Ukiwa mtoni na ukasikia ngurumo inayoendelea bila kukoma, au ukaona vijiti na povu vikianza kuteremka kwenye mchanga, usiokote kitu. Panda ukingoni.

Kitui

Mutomo kunywa chai, uendelee. Ukifika Kitui utahisi hewa imebadilika. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baada ya joto la Ikutha kivuli cha hapa ni kivuli kweli. Usitafute mjini majumba ya makumbusho. Nenda soko la Kalundu, lililochukua jina la mto unaopita kando ya mji, mto mwingine wa mchanga.

Kula muthokoi. Ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu kwa maji kidogo mpaka ganda likatoka, kisha yakapikwa na maharagwe au ndengu hadi yakalainika. Chakula hiki kinahitaji saa nyingi jikoni, kwa hiyo ingia hoteli yenye watu wengi, ambako sufuria imekaa motoni tangu asubuhi. Agiza na kuku wa kienyeji kama una nafasi ya kumngoja.

Halafu nunua vitu vitatu, basi. Ndengu za Kitui, kilo mbili tatu. Mwaga kiganjani uangalie vitundu vya wadudu. Asali, iliyofungwa vizuri na yenye jina la chama kilichoirina, wala si ya chupa ya soda kandokando ya barabara. Na kiondo, au kyondo kama wenyewe wasemavyo. Hapa chukua muda. Pindua kiondo chini utazame kitovu chake, pale ususi ulipoanzia. Kama nyuzi za pale zimekazana bila kuacha mwanya, aliyekisuka anajua kazi. Nusa. Mkonge una harufu yake, nailoni haina. Kiondo cha mkonge kina bei zaidi na kinastahili, maana ni wiki za mikono ya mtu. Punguziana bei kwa heshima, mara moja au mbili, na usimshushe mama wa watu hadi akakuuzia kwa sababu tu jua linazama. Kama ni msimu wa maembe, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, Makueni utakuwa umekwisha kuyaona ya kila aina barabarani. Yanunue kule kule Kibwezi, huku utauziwa hayo hayo yakiwa yamechoka.

Kuhusu jiwe la Nzambani, upande wa Chuluni, kilomita chache mashariki ya mji: wenyeji watakusimulia kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Kuna ngazi za chuma za kupandia hadi juu, na ukiwa juu unaiona nchi uliyoivuka asubuhi ikiwa imelala chini yako. Lipa kiingilio, shika vyuma vizuri, usipande wakati wa radi wala saa sita mchana, kwa maana chuma na jiwe vyote vinawaka.

Ukiwa Kitui mkumbuke Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu aliyeongoza misafara kutoka hapa hadi Mombasa. Yeye ndiye aliyemleta mmisionari Johann Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Miaka miwili baadaye walisafiri pamoja kuelekea mto Tana. Wakashambuliwa, Kivoi akauawa, Krapf akakimbia porini peke yake na kiu. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akagundua hana chombo cha kubebea maji ya safari ya kurudi. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mitutu ya bunduki yake. Lita tatu nilizokuambia uzibebe tangu Kibwezi ni kwa ajili ya nchi hiyo hiyo.

Jioni, kwenye mfereji

Kama unatumia matatu, chagua kimoja: Nzambani au mfereji wa Yatta. Vyote viwili kwa siku moja vinataka gari lako mwenyewe na kuondoka Kitui kabla ya saa tisa unusu. Mimi ningechagua mfereji.

Kutoka Kitui shika barabara ya Kanyonyoo, ukifika barabara kuu ya Garissa geuka kushoto kuelekea Thika. Utaiacha kaunti ya Kitui na kuingia Machakos, na mji mkubwa utakaoukuta ni Matuu. Teremka hapo, uliza boda boda akupeleke mferejini; hakuna asiyeujua. Vaa kofia ya kinga hata kama safari ni fupi, na patana nauli ya kwenda, kungoja na kurudi, yote kabla ya kupanda.

Utakachokiona hakitakushtua kwa ukubwa. Ni mfereji wa udongo, maji yakienda kwa upole kati ya nyasi, watoto wakichota, bustani za mboga na miti ya matunda pande zote mbili, na nje ya bustani hizo nyika ile ile kavu uliyoiona tangu asubuhi. Maji yametolewa mto Thika na kuletwa karibu kilomita 60 juu ya uwanda huu wa Yatta. Mfereji ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na waliouchimba ni wafungwa waliowekwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau. Walichimba kwa majembe na sururu, bila kupenda na bila malipo ya haki. Hakuna mnara utakaoonyeshwa. Tembea kando yake dakika ishirini, ukifuata maji yanakokwenda, na ukikutana na mzee anayefungulia maji shambani mwake, msalimu na umwombe akueleze zamu zinavyogawanywa. Wengi hufurahi kueleza, kwa kuwa zamu ya maji ndiyo siasa yao ya kila siku. Usioshe miguu humo. Kuna anayeyanywa huko chini.

Rudi barabarani kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana jua likizama boda boda hupandisha bei na malori ya Garissa huwasha taa kali. Kutoka Matuu hadi Nairobi matatu ni nyingi jioni.

Ukishuka karibu na Globe au Ngara utavuka mto mdogo, mweusi, wenye mifuko ya plastiki imekwama kwenye mawe. Ni mto Nairobi. Chupa tupu ya maji uliyonayo mkononi saa hiyo usiitupe hapo, na ukimwona mwingine akitupa mwambie. Maji hayo yanaingia Athi, na yatapita chini ya daraja ulilosimama juu yake asubuhi.